Tumbo la Mama Kesho

Huyu mpwa wangu ninayetaka kuwasimulia habari zake sasa ni daktari kamili wa wanawake. Ana chumba chenye kibao mlangoni, na ukitaka kumwona unakaa kwenye benchi kama watu wengine, hata kama wewe ndiye mjomba uliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lakini mimi namjua tangu hajaota meno, na kwangu hana kibao. Namwita Profesa. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mtoto wa kufungua kila kitu aone ndani kuna nini. Alifungua redio ya baba yake. Alifungua saa yangu ya mkononi, na mpaka leo kuna kispringi hakijulikani kilikwenda wapi. Siku moja dada yangu alichinja kuku wa wageni, akageuka kidogo kuchukua maji, kurudi akakuta yule kuku ameshapasuliwa na Profesa kabeba sahani kwenda sebuleni kuwaonyesha wageni mayai machanga yaliyokuwa tumboni, yamepangana kama shanga. Dada yangu alitaka kumchapa. Nikasema, mwache, huyo ni daktari wa wanawake. Wakacheka wote. Naomba ikumbukwe kwamba mimi ndiye niliyesema wa kwanza.

Alipofika mwaka wa mwisho wa chuo, wakatakiwa kila mmoja akakae kwa muda kwenye hospitali ya nchi nyingine, atazame wenzetu wanavyowahudumia wanawake. Wenzake walihangaika kutafuta pa kwenda. Yeye alikuwa na mimi. Nilikuwa naishi ugenini wakati huo, nafanya kazi hospitali. Nyumbani niliwaambia hivyo hivyo tu, "nafanya kazi hospitali," na kama walielewa kwamba mimi ni daktari, hiyo ni juu yao. Nilikuwa msukuma vitanda. Msicheke. Hakuna mtoto aliyezaliwa kwenye jengo lile ambaye mama yake hakupita mikononi mwangu, kwenda akipiga kelele na kurudi akitabasamu. Nikazungumza na huyu, nikamnong'oneza yule, Profesa akapata nafasi. Yeye anasema ni mkuu wa chuo chake ndiye aliyeomba. Sawa, tumwachie mkuu wa chuo naye apate sifa kidogo.

Jengo la kina mama lilikuwa nyuma kabisa, limeunganishwa na jengo kubwa kwa korido ndefu isiyo na dirisha hata moja. Korido hiyo ilikuwa na tabia yake. Ukisukuma kitanda, mlio wa magurudumu unatangulia, unagonga huko mwisho, unarudi kukukabili, mpaka unaapa kuna mwenzako anakuja na kitanda kingine. Wasukuma vitanda wapya wote walisogea ukutani kumpisha. Wanampisha nani? Hakuna mtu. Mimi niliacha kusogea mapema sana, maana siogopi mambo hayo. Nilikuwa naimba tu.

Aliyetawala jengo hilo ni mkunga mmoja mrefu, mwembamba kama mlingoti, amevaa viatu vya mpira visivyotoa sauti. Tulimwita Sista Mkuu. Ungeweza kuwa unasema habari zake, ukageuka, ukamkuta nyuma yako anakusubiri umalize. Siku ya kwanza alimsimamisha Profesa mlangoni akampa sheria.

"Hapa wewe ni macho tu. Mikono iweke nyuma. Hushiki, hupimi, hujibu. Mgonjwa akikuuliza jambo, mwambie amuulize sista."

"Nimeelewa, Sista."

"Mbona mikono iko mbele?"

Profesa akaipeleka nyuma haraka. Jioni alirudi kwangu mabega yanamuuma kwa kutembea kama mfungwa. Nikamwambia, "Shikamoo yako leo umeitoa umeinama kama bibi." Akanirushia soksi.

Lugha ya pale aliijua. Alikuwa ameisoma chuoni, akaja akaanza kunisahihisha mimi niliyekaa huko miaka. Basi aliona mengi. Aliona wakunga wanavyomsugua mama mgongo mpaka mikono inakufa ganzi. Aliona mama mmoja katikati ya uchungu akinyoosha mkono apate wa kumshika, na aliyekuwa karibu ni yeye, na mikono yake ilikuwa nyuma. Siku hiyo hakula. Aliniambia, "Mjomba, nimesimama pale kama kabati."

Sasa nije kwa Mama Kesho.

Kila wiki, siku ya kliniki ya wajawazito, kabla mlango haujafunguliwa, kulikuwa na mwanamke ameshakaa mwisho wa benchi. Mtu mzima, nguo safi, nywele zimechanwa vizuri. Tumbo kubwa limechongoka mbele, na mkono wake wa kushoto haukuondoka chini ya tumbo hilo, kama mtu aliyepakata sufuria ya moto. Kina mama wengine walipokuja walianza kukaa kutoka upande wa pili. Benchi likijaa wanabanana, wengine wanasimama, lakini pale karibu naye nafasi ilibaki. Hakuna aliyewaambia wasikae. Mgeni akikaa kwa kutojua, akamuuliza kwa wema, "Wewe unatarajia lini?" yeye hugeuka akatabasamu akasema, "Kesho."

Nilimkuta akisema kesho nilipoanza kazi. Kina mama waliokaa naye kwenye benchi wakati huo, watoto wao walikuwa wameshaingia shule, na yeye bado ni kesho.

Tumbo lile halikuwa nguo wala mto, msije mkadhani. Lilikuwa tumbo kweli, gumu kama ngoma. Hata maziwa yalimtoka. Ila ndani hamkuwa na mtoto. Madaktari wana jina lake refu la kuumiza ulimi; sisi wa vitanda tulisema mimba ya hewa. Zamani aliwahi kubeba mtoto wa kweli, akafia tumboni siku chache kabla ya kuzaliwa. Tumbo likashuka, likakaa, halafu likaanza kupanda tena lenyewe. Daktari mmoja wa siku hizo, mtu wa haraka, alimlaza akampima kwa mashine ya picha, akamgeuzia kioo akamwambia, "Tazama mwenyewe, hamna kitu." Mama Kesho akatazama. Akashukuru. Akatoka pale akaenda uchochoroni kumtafuta mtu wa kumpasua, amtolee mtoto ambaye hospitali wanamkataa. Na alimpata. Alirudishwa kwetu akiwa hana damu, na waliokuwepo wanasema alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni wa kike au wa kiume?"

Tangu hapo Sista Mkuu akaweka utaratibu wake. Kila wiki Mama Kesho anaingia kama mjamzito yeyote. Anapimwa uzito, anapimwa presha, analala kwenye kitanda cha kupimia. Wengine wote hupimwa mapigo ya mtoto kwa mashine, sauti inajaa chumba kizima. Yeye hapana. Kwake Sista alitumia ile pembe ya mbao ya zamani, ya kuweka mdomo mpana juu ya tumbo na sikio upande wa pili. Mashine ikikaa kimya, kila mtu anausikia ukimya. Pembe humwambia mmoja tu. Sista huinama, husikiliza muda ule ule anaowapa wengine, huinuka, husema, "Amelala." Hakuwahi kusema yupo. Hakuwahi kusema hayupo. Mama Kesho hujifunga nguo yake, husema, "Basi kesho," na kuondoka. Kwa muda wote anaosikilizwa hamtafuti mtu wa kisu. Na kila mtu jengoni alijua kwamba kwa kisu cha pili hatarudi hai.

Wanafunzi waliokuja kutazama walikuwa wanaambiwa habari hii asubuhi ya kliniki, kabla mlango haujafunguliwa. Asubuhi ya Profesa, mimi nililetewa mama anayemwaga damu nimkimbize thieta, chumba cha upasuaji, na Sista Mkuu akaacha kila kitu akakimbia pembeni mwa kitanda changu, ameizuia damu kwa mkono. Kwenye chumba cha kliniki alibaki Profesa peke yake na mikono yake nyuma, na mkunga wa zamu upande wa pili wa ukuta anapima uzito.

Haya mengine alinieleza yeye.

Pazia likafunguka, akaingia mwanamke mwenye tumbo, akapanda kitandani bila kuelekezwa. Akafunua tumbo. Profesa akaona kovu kutoka kitovuni kwenda chini, limepinda, kama mshono wa fundi aliyekuwa anafukuzwa.

"Wewe ni daktari mgeni."

"Bado mwanafunzi, mama. Sista anakuja."

"Sista ameondoka na damu ya mtu. Nimemwona." Akachukua pembe pale mezani akaiweka mwenyewe juu ya tumbo lake, mahali hasa panapotakiwa, akaishikilia isianguke. "Haya. Sikiliza."

"Sina ruhusa, mama."

"Unaogopa kunigusa? Hata wewe?"

Profesa akakumbuka ule mkono wa juzi alioshindwa kuushika. Akatoa mikono nyuma. Akaishika pembe, akainama, akaweka sikio.

Mwanzo, kimya. Halafu, anasema, ukaja. Kwa mbali kwanza, kama mtu anayepiga hatua kwenye nyumba ya jirani. Halafu karibu. Moyo. Mwepesi, unakwenda mbio, kama cherehani ya fundi aliyechelewa kazi ya harusi. Akafurahi. Kwa siku zote alizosimama kama kabati, hili lilikuwa jambo la kwanza alilolishika yeye.

"Unasikia?" Mama Kesho akamuuliza.

"Namsikia, mama. Anakwenda vizuri sana."

Alipoinua uso Profesa alikuta machozi yamemtiririka yule mwanamke pembeni mpaka masikioni. Akasema polepole, "Miaka yote wananiambia amelala." Akaketi, akaushika mkono wa Profesa akaubana shavuni kwake, akavaa, akatoka. Na safari hii hakusema kesho.

Sista Mkuu aliporudi, Profesa alimpokea kwa tabasamu. "Sista, yule mama wa mwisho, mapigo ya mtoto ni mazuri."

"Mama yupi?"

"Mwenye kovu."

Wanaomjua Sista wanasema hawajawahi kumwona ameketi wakati wa kazi. Siku hiyo aliketi, kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Hakufoka. Afadhali angefoka. Mwisho akachukua ile pembe akampa. "Nenda nayo nyumbani. Ujiulize ulisikia nini."

Alasiri nilimkuta Profesa jikoni kwangu, ameweka viwiko mezani, pembe iko mbele yake kama mgeni aliyekuja kudai. Nikadhani nitamchangamsha.

"Ulisikia njaa, Profesa. Tumbo la mtu likiwa tupu linaimba."

"Mjomba, usinitanie leo."

"Mashine ilishaonyesha hamna kitu."

"Najua. Na mimi nilisikia. Nisikilize vizuri: nilisikia moyo wa mtoto, kama ninavyokusikia wewe."

Jua lilikuwa linaingia dirishani, mtaani watoto wanapiga mpira, na bado mgongo ulinisisimka. Nikajikausha. Profesa akasema, "Nikuonyeshe nilivyofanya." Akasimamisha pembe juu ya meza, akaishika, akainama, akaweka sikio. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mjomba. Njoo."

"Nije wapi? Niko hapa hapa."

"Njoo usikilize."

Mimi si mwoga, watu wa mtaa wangu watawaambia. Nikaenda. Nikashika pembe kama alivyoshika, nikaweka sikio.

Meza ilikuwa na moyo.

Ndiyo. Meza yangu niliyoinunua ikiwa imetumika, niliyoilia chakula miaka yote ile. Moyo mzito, wa polepole, kama mtu mnene anayepanda ngazi. Niliruka nyuma kiti kikaanguka. Profesa akaihamisha pembe ukutani. Akasikiliza, akaniita kwa kichwa. Ukuta nao. Akaiweka kwenye mlango wa kabati, na kabati nalo. Tukazunguka chumba kizima hivyo bila kusemezana, na kila tulipogusa, kulikuwa na mtu ndani. Nilianza kufikiria kuhama. Nilikuwa naangalia ni vitu gani nitaacha.

"Kwako unakwendaje?" Profesa akauliza.

"Taratibu. Kama mtu anapanda ngazi."

"Kwangu unakimbia." Akatazama vidole vyake vilivyoishika pembe. Akavitazama kwa muda. Halafu akairudisha mezani, akainama, na mara sikio lilipoibana, akaachia mkono. Akashika tena. Akaachia tena.

"Ni mimi, Mjomba," akasema. "Tulifundishwa kwa mashine. Hii tuliisoma tu kitabuni, kwamba ukishaweka sikio uachie mkono, usije ukasikia damu yako mwenyewe. Nilisoma nikasahau. Nilikuwa naogopa, moyo unanienda mbio. Nimemwambia mama wa watu namsikia, kumbe najisikia mwenyewe."

Akaniita na mimi nijaribu. Nikashika, moyo. Nikaachia, kimya. Mbao tupu. Ningefurahi, siyo? Lakini niwaambie ukweli, ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko moyo. Ulikuwa kama mtu aliyeacha kupumua ili asisikike.

Asubuhi tulipofika, Mama Kesho alikuwa kwenye benchi. Haikuwa siku ya kliniki, na halikuwa benchi la kliniki. Alikuwa nje ya mlango wa thieta. Miguuni ana mkoba, zipu iko wazi kidogo, unaona taulo jipya na vile viguo vidogo vya sufi. Sista Mkuu alikuwa amesimama mbele yake, na mimi nikaambiwa nisimame na kitanda karibu, kama mambo yatakwenda vibaya.

"Rudi nyumbani, mama," Sista alikuwa anasema. "Siku yako bado."

"Siku yangu ni leo."

Sijui kama mnaelewa. Mwanamke aliyesema kesho miaka yote, anasema leo. Wakunga wawili waliokuwa wanapita walisimama. Mmoja alijifunga mikono kifuani kama amepata baridi.

"Mtoto yupo," Mama Kesho akaendelea, sauti tulivu kabisa. "Daktari mgeni amemsikia. Yeye hajafundishwa na ninyi kusema amelala. Nipasueni. Mkikataa, sigombani na mtu. Mchana huu nakwenda uchochoroni. Mlango wake naujua."

Sista akageuka akamwona Profesa. Nilidhani atamfukuza pale pale. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye uliyemsikia. Wewe ndiye utakayemnyamazisha. Mimi neno langu kwake limekwisha kazi."

Profesa akaenda. Mikono yake, nakumbuka, ilikuwa mbele. Akapiga magoti pale mbele ya benchi ili macho yao yalingane.

"Mama, nilikosea. Moyo niliousikia jana ulikuwa wangu."

"Muongo. Wamekukalisha chini wakakufundisha."

"Sikufundishwa. Sikiliza mwenyewe." Akasimamisha ile pembe aliyorudi nayo juu ya benchi, katikati yao. "Ishike. Weka sikio."

Mama Kesho akamtazama, akainama. Nikaona nyusi zinapanda.

"Kuna mtu kwenye benchi," akanong'ona.

"Sasa achia mkono, sikio libaki."

Akaachia. Akasubiri. Akashika tena, akaachia tena, kama tulivyofanya sisi. Mimi nikaanza kushusha pumzi. Lakini Mama Kesho aliketi wima akatikisa kichwa. "Ubao ni ubao. Ubao hauna mahali pa kumweka mtoto. Nipeni tumbo. Tumbo la mtu lisilo na mtoto, nisikie lilivyo."

Sista nimeshawaambia alivyo, mlingoti. Profesa naye hana kitu. Wale wakunga wawili walikuwa wasichana tu, wamekaza mikanda. Nikawaona wananigeukia mmoja mmoja.

"Msinitazame mimi," nikasema.

"Mjomba," Profesa akasema.

"Mjomba nini? Mimi niko kazini."

"Mjomba, tafadhali."

Basi tukaingia chumba cha kliniki, na mimi, mwanamume mzima, mwenye tumbo la heshima lililojengwa kwa miaka, nikapanda kwenye kitanda cha kupimia wajawazito, nikalala chali, nikafungua vifungo vya shati. Sista akavuta pazia. Dari ilikuwa nyeupe tupu, na mara moja nikaelewa kwa nini kina mama wote hutoka pale wamekunja uso: hamna pa kuweka macho. Nilitaka kusema utani mmoja mzuri nilionao, haukutoka.

Mdomo wa pembe ulikuwa wa baridi. Mama Kesho akainama, kichwa chake kikawa karibu na mbavu zangu, nikasikia pumzi yake.

"Yupo," akasema. Akatabasamu. "Anakimbia huyu."

Mnisamehe, nilijua ni mkono wake, meza yangu yote ilishanieleza. Nywele zilinisimama hivyo hivyo.

"Achia mkono, mama," Profesa akamwambia.

Hakuachia mara moja. Aliinua kidole kimoja, akangoja. Cha pili, akangoja. Kama mtu anayemwachia mtoto asimame mwenyewe. Cha mwisho kikatoka. Pembe ikabaki imesimama kati ya sikio lake na tumbo langu, haishikwi na mtu.

Akasikiliza. Nje ya pazia jengo lote lilikuwa kimya, kina mama waliozoea kulalamika hata wao. Nilitaka kupumua, nikaogopa atasikia. Akaendelea kusikiliza. Kisha kitu cha moto kikaniangukia juu ya ngozi, kikatelemka mpaka kitovuni, na kingine, na kingine.

"Hamna mtu," akasema.

Sista Mkuu akaziba mdomo kwa kiganja. Neno ambalo hakuna mtu jengoni aliyethubutu kumwambia, amelisema mwenyewe, na paa halikuanguka. Profesa akamshika bega. Alimshika kweli, kwa mikono yote miwili, akakaa naye hivyo mpaka kilio kikaisha. Kilikuwa kilio kidogo, cha chini, cha mtu anayelia jambo la zamani sana.

Nikadhani nimemaliza, nikaanza kutafuta vifungo. Mama Kesho akauzuia mkono wangu. Akafungua kiganja chake juu ya tumbo langu, akabonyeza taratibu kama wakunga wanavyomtafuta mtoto amelalia wapi. Hapa. Hapa. Chini ya mbavu akasimama, akabonyeza tena pale pale, akangoja kama mtu aliyebisha hodi.

"Hili umekuwa nalo tangu lini?"

"Hili? Ni chakula tu, mama."

"Mimi pia mwanzoni niliambiwa hivyo," akasema. Akanitazama usoni kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa tena nayo. "Usikubali mtu akupasue."

Akanifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Mkoba wa viguo akauweka miguuni pangu. Akatoka, akapita korido ile ndefu akielekea mlango mkubwa, mikono yake yote miwili inaning'inia pembeni. Tumbo lilikuwa bado lipo, lakini hakuna aliyelishika. Wakunga wakasogea ukutani kumpisha, na alipokwisha kupita bado wamesogea.

Uchochoroni hakwenda. Sista alituma mtu siku hiyo hiyo, na siku zilizofuata, akamkuta nyumbani kwake anafua, mzima. Wiki baada ya wiki tumbo likashuka, na mwisho wa benchi pakaanza kukaliwa. Profesa alimaliza muda wake pale mikono ikiwa mbele. Sista hakumwambia tena airudishe, na kuna mama mmoja aliyejifungua kwa shida amemwita mwanawe wa kike kwa jina la mgeni aliyemshika mkono. Jina lenyewe siwaambii, Profesa atanuna. Mpaka leo kwake kliniki wanafunzi wanalalamika kwamba daktari huyu ana wazimu, anawafanya wasikilize meza kwanza.

Mimi niliendelea kusukuma vitanda, mpaka siku Sista aliponikuta kwenye lifti akicheka, jambo la nadra, akaniambia amekutana na Mama Kesho sokoni, amenenepa mashavu, ananunua mboga, anaongea na watu. Ametuma salamu kwangu.

"Anasema yule wa vitanda hajambo? Amepata mtoto gani?"

Nikacheka na mimi, kwa sauti kubwa kuliko ya Sista. Nikamwambia akikutana naye tena amwambie sijambo, nashukuru. Lile swali la pili nikamwomba asimjibu, maana pale chini ya mbavu sijathubutu kubonyeza tangu siku ile.